Dereva ni Mmoja

Kila mwaka, baridi ilipoanza kuuma masikio, pikipiki ya Clifford Haslam iliingia ndani ya nyumba kwa heshima zote za mgonjwa anayelazwa hospitalini. Ilipitishwa mlango wa nyuma vipande vipande: magurudumu kwanza, kisha tangi, na mwisho injini, ikibebwa na wanaume wawili wanaolaumiana. Kigari chake cha pembeni peke yake kilibaki bandani chini ya turubai, maana hata Enid Haslam, mwanamke mvumilivu kuliko wote wa mji wa Ravensike, alikuwa na mpaka wake.

Banda halikufaa kwa kazi. Kuanzia Novemba oili iliganda kama mafuta ya kondoo, na spana zilinasa ngozi ya vidole. Kwa hiyo wanaume wa mji wetu walifungulia injini zao jikoni, na wake zao wakapika wakiziruka. Enid alikuwa na sheria mbili tu. Jumapili oveni ni ya nyama. Na ikifika Jumapili ya kwanza ya Aprili, chuma chote kiwe kimetoka, na yeye asikute skrubu hata moja ndani ya bakuli la sukari. Siku nyingine zote oveni ilikuwa mali ya Panther, ndiyo pikipiki yenyewe. Clifford aliliweka kasha la injini humo likaokwa kama mkate, mpaka tone la mate likidondokea juu yake lirukeruke. Beringi mpya nazo zililazwa kwenye friza, kati ya mfuko wa njegere na samaki. Chuma cha moto hutanuka, cha baridi husinyaa, na kwa muda mfupi beringi huingia mahali pake bila nyundo, kama mtu anayerudi kitandani kwake.

Mwaka ule baridi ilikuja na ukatili wa ziada. Theluji ilizifunika kuta za mashamba. Madereva wa malori waligoma, wazoa taka wakagoma, na mifuko ya takataka ikajipanga kando ya barabara kama watu wanaongoja basi. Kila mtu Ravensike alikuwa na la kulalamikia. Enid alikuwa na lake, lakini hakulisema. Alikuwa akimwangalia mumewe akimimina chai.

Clifford alikuwa amekunja kidole cha shahada juu ya ukingo wa kikombe, ncha yake ikiwa ndani. Chai ilipokigusa, akaacha kumimina.

"Kidole hicho kimefuata nini humo?" Enid aliuliza.

"Kinapima joto."

"Siku zote ulikuwa ukipima kwa ulimi."

"Nimekua, mama. Mtu mzima hajiunguzi ulimi."

Alimwita "mama" tangu binti yao Hilary alipozaliwa, kama wanaume wengi wa huko. Enid alicheka kidogo, akaendelea kuona. Aliona jinsi Clifford alivyogeuza kichwa kando kama kuku anapotaka kutazama kitu kilicho mbele yake. Aliona siagi ikipakwa kwenye kitambaa cha meza kwa uangalifu mkubwa. Oktoba Clifford alikwenda peke yake hospitali ya macho, Bradford, akarudi na pakiti ya peremende na habari kwamba ni mambo ya miwani. Miwani mipya haikuwahi kuonekana. Peremende zilikwisha.

Daktari hakuwa amesema lolote kuhusu miwani. Alisema kwamba katikati ya macho yote mawili panakufa, kwamba dawa hakuna, na kwamba Bwana Haslam asiendeshe tena chombo chochote barabarani. Clifford alimshukuru kwa adabu, akanunua peremende, akapanda basi. Kila alichokitazama sasa kilikuwa na doa katikati, kana kwamba mtu mwenye dole gumba la oili amelikandamiza juu ya picha.

Angeweza kuishi na doa. Alichoshindwa kukitazama ni Aprili. Kila mwaka, Jumapili ile ya kwanza, chama cha pikipiki za kale kilikusanyika kwenye uwanja wa baa, na kila mwanachama aliiwasha mbele ya wenzake pikipiki aliyoitengeneza msimu wa baridi. Alipewa kiki tatu tu za kuiwasha. Ikikataa, alivishwa kofia ya maua iliyokuwa ya marehemu mama mkwe wa mwenyekiti, akaisukuma pikipiki yake kuuzunguka uwanja huku wenzake wakiimba wimbo wa kanisani. Zilizowaka zilipanda barabara ya nyikani hadi kilele cha Hagg Top, watu wakanywa chai kwenye upepo, wakarudi. Clifford hakuwa amewahi kuivaa kofia ile. Na tangu waoane hakuwa amewahi kupanda Hagg Top bila Enid kando yake ndani ya kigari, blanketi magotini na chupa ya chai mapajani. Enid alikuwa mtu wa kuonya. "Cliff, lori," angesema. "Cliff, kona." Na Clifford alijibu jibu lile lile bila kugeuka: "Dereva ni mmoja, mama."

*

Januari, Norman Sugden alikuja na tangi la pikipiki yake ya BSA, amelifunga blanketi.

"Nimeleta mtoto abatizwe," alisema mlangoni, akikung'uta theluji.

Norman alikuwa muuza nyama, na mtu ambaye hakuwahi kuuacha utani upite bila kuusimamisha. Ndiye aliyemfichia mwenyekiti samaki ndani ya taa ya pikipiki, mzee wa watu akaendesha wiki nzima akiwalaumu wakulima kwa harufu. Lakini tangi lake alileta kwa unyenyekevu wa kweli. Kwa nusu ya chama, mistari ya dhahabu kwenye tangi ilichorwa na Clifford peke yake, kwa brashi ya manywele marefu, amesimama, pumzi ameibana. Hakutumia utepe wa kuzuia rangi. Utepe, alisema, ni wa wapaka madirisha.

"Cliff," Enid alisema, "si upumzike mwaka huu? Una lako la kuchora."

"Ni kazi ya kabla ya chakula tu."

Enid alibaki akimenya viazi. Clifford alichovya brashi, akakipitisha kidole chake kidogo kwenye ukingo wa tangi kama reli, na mstari ukaanza vizuri kabisa. Pale juu ambapo tangi linapinda, ukingo ulikwisha. Kidole kikakosa pa kushika. Mstari ukaenda kushoto, ukajuta, ukarudi kulia kupita kiasi, ukajipanda wenyewe mgongoni, kisha ukateremka upande wa pili kama mtu anayetoka baa akijitahidi kutembea mbele ya polisi.

Clifford alinyoosha mgongo. "Waonaje?"

Enid alikuwa na kisu mkono mmoja na kiazi mkono mwingine. "Umenyooka," alisema.

"Sana?"

"Kama siku zote."

Clifford akaanza kupiga mluzi. Enid akamenya kiazi kile mpaka kikabaki kama punje.

Jumamosi Norman alirudi na soseji, maana ndivyo alivyoshukuru. Alifunua blanketi. Akaufungua mdomo. Nyuma ya Clifford, Enid alikuwa amesimama na taulo la vyombo, akatikisa kichwa mara moja. Norman akaufunga mdomo.

"Cliff," alisema hatimaye, "sina la kusema."

"Hii ni mara ya kwanza," Clifford alijibu, amefurahi.

*

Norman alilifunga tangi lile kwenye BSA yake. Angelificha, Clifford angemuuliza liko wapi. Kwa hiyo Februari, chama kilipokutana chumba cha nyuma cha baa, pikipiki ile ilisimama uwanjani chini ya taa, na kila aliyeingia alikuwa ameiona.

Redvers Pickles, mwenyekiti, alivua glavu zake polepole. "Norman, kuku wako wametoroka? Nauliza kwa sababu naona wametembea juu ya tangi lako."

Watu wakacheka.

"Kuku gani, bwana," akadakia mwingine. "Huyo mchoraji alikuwa anakimbizwa na mbwa."

Clifford alikuwa karibu na moto, na glasi yake ya bia. Hakuelewa wanacheka nini, ila alitulia kwa raha, akingoja Norman ataje jina la mchoraji ili wanaocheka waone haya. Norman alitazama meza.

"Nimechora mwenyewe," alisema. "Nilikuwa nimelewa. Cliff alikuwa na kazi nyingi, sikutaka kumsumbua."

"Basi mwachie Cliff kazi ya Cliff," alisema Redvers. "Wewe kata nyama."

Kicheko kilikuwa kikubwa na hakikuwa na ubaya wowote, na ndiyo maana kilimwingia Clifford mpaka mifupani. Aliutafuta ukingo wa meza kwa mkono wa kushoto, akaweka glasi kwa mkono wa kulia. Akasema Enid ana pai kwenye oveni. Norman alimfuata nje.

"Cliff, ngoja kidogo."

"Umepinda kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Norman."

"Umepinda, Cliff. Umepinda sana."

"Na Enid aliuona?"

Norman aliinamisha kichwa, akaitazama theluji kwenye viatu vyake. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jibu tosha. Lakini Clifford hakuweza kuliona, ikabidi Norman alitamke.

"Aliuona."

*

Clifford aliingia jikoni, akabaki na koti mwilini. Injini ya Panther ilikuwa mezani kati yao, tumbo wazi.

"Uliniambia umenyooka."

"Nilikuambia," Enid alisema.

"Watu wamecheka."

"Wamekucheka wewe?"

"Wamemcheka Norman. Amejitwika yeye. Muuza nyama amenihurumia, Enid, mbele ya chama kizima, na mimi nimekaa pale natabasamu kama mjinga." Alimwita kwa jina lake, jambo ambalo alilifanya kanisani na kwenye hasira tu. "Kwa nini ulinidanganya?"

"Kule Bradford walikuambia miwani?"

Maji yalikuwa yakichemka. Hakuna aliyeyaondoa.

"Walisema katikati panakufa," Clifford alisema. "Pembeni patabaki. Sitagonga kuta, nitajilisha mwenyewe, nitajivalisha. Ila uso..."

"Uso gani?"

"Wako. Nikikutazama sawasawa, haupo. Nikitazama sufuria pale, unakuja pembeni."

Enid aliizima gesi. "Basi tazama sufuria," alisema.

Akaitazama sufuria. Wakakaa hivyo, Enid akimwangalia mumewe, mumewe akiangalia sufuria ya viazi.

"Walisema nini kuhusu kuendesha?"

"Nisiendeshe."

"Na wewe unasemaje?"

"Barabara ya Hagg Top naijua, mama. Nimeipanda kabla Hilary hajazaliwa. Masikio yananiambia niko gia gani. Ukuta ukikaribia, mlio unabadilika."

"Na kondoo? Kondoo naye anabadilisha mlio?"

Clifford alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Mara moja tu. Aprili hii. Niiwashe mbele yao, nipande, nishuke. Baada ya hapo iuzwe, itupwe, ifanywe kitanda cha kuku, sitasema neno. Sitaki wanione nimekwisha kabla sijaimaliza."

"Sawa," Enid alisema. "Nitakaa kwenye kigari kama siku zote."

"Hapana. Safari hii wewe baki na Hilary."

"Kwa nini nibaki, ikiwa unaijua barabara?"

Clifford akavua koti. Enid akapakua viazi.

*

Hilary, binti yao, alifundisha shule ya msingi, na alizungumza na wazazi wake kama watoto wa darasa la pili waliomwaga rangi.

"Mama, tunawaandikia watu wa leseni. Leo hii. Hawatamuonea, watamwita apimwe, basi."

"Hakuna atakayeandika."

"Kule juu kuna machimbo upande mmoja na ukuta upande mwingine. Atakuua."

"Nimeipanda barabara ile mara nyingi kuliko wewe. Najua kuna nini."

"Sasa unangoja nini?"

Enid alikuwa akipaka siagi mkate, na aliupaka mpaka pembeni kabisa. "Nikimchukulia leseni, nitakuwa nimemfungia mlango kwa nje. Nataka aufunge mwenyewe."

"Na asipoufunga?"

"Nitavaa koti zito."

Hilary alilia kidogo, kwa hasira, kisha akala ule mkate. Hapo hapo aliapa kwamba Jumapili ile ya Aprili atasimama mbele ya gurudumu, na kama baba yake haoni, basi atamgonga binti yake na ajue.

*

Machi theluji ilianza kuyeyuka na mji ukakumbuka una takataka kiasi gani. Enid alikwenda kwenye duka la nyama, akawangoja wateja watoke.

"Nataka pikipiki yako, Norman."

"Nikukatie kilo ngapi?"

"Na kigari chake. Uwanja wa kile kiwanda cha sufu kilichofungwa, mchana, Cliff akiwa amelala."

Norman aliweka kisu chini. "Cliff anajua?"

"Cliff hajui mambo mengi msimu huu. Kwani utamwambia?"

"Mimi? Sina la kusema."

"Hii sasa ni mara ya pili," Enid alisema.

Wakati wa vita, kabla hajaolewa, Enid alikuwa akisambaza barua za jeshi kwa pikipiki, usiku, taa zimezimwa kwa hofu ya ndege za adui. Leseni yake bado ilikuwa halali, imelazwa ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na cheti cha ndoa. Baada ya harusi kulikuwa na pikipiki moja, na dereva mmoja, na hakuna aliyewahi kuliita jambo hilo tatizo.

BSA ya Norman ilinuka mafuta ya nyonyo. Aliyatia kwenye injini kwa majivuno tu, ili anukie kama waendesha pikipiki za mashindano, na harufu ile tamu ya kuungua ilimganda kila aliyekaribia. Enid alikaa nyuma ya mstari wa dhahabu uliolewa, akavuta klachi, injini ikazima. Ikazima tena. Kisha akatoka, polepole, akakata kona ya kushoto kwa ujasiri uliozidi, na kigari kilichokuwa na Norman ndani yake kikanyanyuka kutoka ardhini.

"Egemea!" Enid alipiga kelele.

"Naegemea, mama! Nusu yangu iko nje!"

Kigari kilirudi chini kwa kishindo. Wakasimama. Norman alihesabu viungo vyake.

"Nikuulize kitu," alisema. "Kama utakaa pembeni siku hiyo, unajifunza ya nini?"

"Dereva akizimia njiani, mwingine ashike."

Norman alitikisa kichwa kama aliyeridhika, na wote wawili walijua kwamba hakuridhika. Enid akawasha tena.

*

Injini ilikamilika. Kazi ambayo watu waliifanya kwa macho na vipimo, Clifford aliifanya kwa ncha za vidole, na vidole vilikuwa vyepesi kuhisi kuliko awali. Nati alizitambua kwa kuzigusisha mdomoni. Ilipofika zamu ya platini, ambazo lazima zifunguke kwa wakati wake ili cheche iruke, alichana karatasi ya sigara akaibanisha katikati yazo, akaivuta taratibu huku Enid akiuzungusha mhimili wa injini kwa spana.

"Polepole, mama. Bado. Bado. Hapo."

Karatasi ilikuwa imeachiwa. Hapo ndipo cheche ingeruka. Waliirudia kazi ile mara kadhaa bila haja, kwa sababu ilikuwa ya watu wawili na ilikwenda vizuri.

Lilibaki tangi. Lilikuwa jeusi, linang'aa, na kando yake mezani kulikuwa na kopo la rangi ya dhahabu. Clifford alilifungua kopo, akalinusa, akalifunga.

"Utepe unauzwa pale dukani," Enid alisema kwa sauti ya chini.

"Najua unauzwa."

Alilipapasa tangi kuanzia nyuma mpaka mbele, pale mstari ulipopaswa kupita. "Liache jeusi," alisema.

Enid alifungua bomba la maji, ingawa hapakuwa na chombo cha kuosha. Kuhusu nani atapanda na nani atabaki, Clifford hakusema kitu siku ile, wala iliyofuata. Jumamosi chuma chote kilitoka jikoni, na kigari kikafungwa kando ya Panther. Jioni Enid alilitundika koti lake zito nyuma ya mlango, mahali ambapo mtu akipita lazima limguse.

*

Jumapili ilikuwa kavu, na upepo mkali. Wanachama walipanga pikipiki zao kwenye uwanja wa baa. Mzee mmoja aliyeshindwa na pikipiki yake ya Norton alivishwa kofia ya maua, akasukuma, akaimbiwa. BSA ya Norman iliwaka kwa kiki ya pili na harufu ya nyonyo ikasambaa. Hilary alikuwa amesimama kwenye lango la uwanja, mikono kifuani, mahali ambapo pikipiki zote zingepita.

Ilipofika zamu ya Panther, Enid alikuwa tayari ndani ya kigari. Koti zito, blanketi magotini, chupa ya chai mapajani, macho mbele. Alikaa kama alivyokaa kila mwaka, na hakumtazama mtu.

Clifford aliupima mguu wake juu ya kiki, akaisukuma taratibu mpaka alipohisi injini inamkatalia. Akashusha kidogo. Kisha akaikanyaga kwa uzito wake wote. Panther ikakohoa mara moja na kushika mwendo wake mzito wa kivivu, ule ambao watu husema unapiga mlipuko mmoja kwa kila nguzo ya taa.

Redvers Pickles alikuwa na kofia ya maua mkononi. "Cliff hataivaa mwaka huu pia," alisema. "Ila Cliff, mistari imekwenda wapi? Umetuletea jeneza."

Wachache walicheka. Norman alianza kusema kitu kuhusu rangi, kwamba rangi hazipatikani kwa sababu ya mgomo.

"Nyamaza, Norman," Clifford alisema. "Macho yangu yamekwisha, Redvers. Ule mstari kwenye BSA, uliosema umechorwa na kuku, ni wangu."

Panther ikapiga nguzo moja, na nyingine, na nyingine. Redvers aliificha kofia nyuma ya mgongo wake kama mtoto aliyekutwa na pipi.

Mkono wa Clifford ulikuwa bado kwenye usukani. Lango lilikuwa wazi, na barabara aliyoijua ilianzia pale pale. Enid aliona vidole vyake vikikaza. Aliinua blanketi kidogo, akaliweka sawa, akangoja.

Vidole vikaachia. Clifford aliizunguka pikipiki, mkono ukiteleza juu ya taa, madigadi, pua ya kigari. Akasimama kando ya mkewe.

"Mama," alisema, "umekaa kwenye kiti changu."

Enid hakusogea. "Na ataendesha nani?"

"Koti lako linanuka nyonyo tangu Machi. Ni macho yaliyokwenda Bradford, pua ilibaki nyumbani."

Ilichukua muda kumtoa Enid ndani ya kigari, kwa sababu ya koti, na muda mrefu zaidi kumwingiza Clifford, kwa sababu ya magoti. Hakuwahi kujua jinsi kilivyo chembamba. Enid alimfunika blanketi, akampa chupa ya chai, akamfungia skafu yake mwenyewe kidevuni. Hilary aliondoka langoni, na kigari kilipompita akalishika bega la baba yake, na Clifford aligusa ule mkono akajua ni wa nani.

Barabara ya nyikani ilikuwa na mabaki ya theluji chini ya kuta. Enid aliendesha taratibu, pikipiki nyingine zikifuata nyuma kama msafara wa maziko wenye kelele. Kwenye kona ya kwanza ya kushoto gurudumu la kigari lilianza kuwa jepesi.

"Egemea, Cliff. Upande wako."

Akaegemea. Maisha yake yote ya ndoa alipiga kona ile bila kujua kwamba kuna mtu anaegemea. Chini ya machimbo mlima ulizidi kuwa mkali, na mlio wa injini ukashuka, ukawa wa kulalamika. Clifford alivumilia kadiri alivyoweza.

"Badilisha gia, mama."

"Dereva ni mmoja," Enid alisema, bila kugeuka.

Kisha akabadilisha.

Hagg Top upepo ulikuwa ukivuma vile vile. Watu walizima injini, wakasimama kwa vikundi, wakajifanya wanatazama bonde. Clifford alikataa kusaidiwa. Akiwa bado ndani ya kigari alifungua chupa, akashika kikombe, akakunja kidole chake cha shahada juu ya ukingo, ncha ndani, mbele ya chama kizima, akamimina.

Norman alikuwa karibu. "Kidole hicho kinafanya nini humo?"

"Kinaangalia," Clifford alisema.

Chai ilipokigusa, akaacha. Akamkabidhi Enid kikombe, na akaugeuza uso wake kando, kuelekea ukuta wa mawe, akautuliza pale kwa muda mrefu. Waliokuwa mbali walidhani anatazama kondoo.